Umepangiwa Muhimbili, Utaishi Wapi? Mwongozo wa Kutafuta Nyumba Dar kwa Mtumishi wa Zamu

Muuguzi mpya akishazoea wodi kidogo, hunivuta pembeni wakati wa chai na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, vyumba huku vinapatikana wapi?" Mara nyingi swali linakuja limechelewa. Ameshalipa kodi ya miezi sita mahali alipotafutiwa na mjomba, anaamka saa tisa usiku, na macho yamemwiva kama pilipili.

Nami niliwahi kuwa huyo. Nilikuja Dar kutoka mkoani, binamu yangu akanitafutia chumba Tegeta karibu na kwake, nikalipa bila kuuliza. Kwa miezi sita ile nililala chini kwa rafiki yangu Magomeni usiku mwingi kuliko nilivyolala kwenye kitanda changu. Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijatoa ile pesa.

Hatua ya kwanza: Soma barua, ujue ni Muhimbili ipi

Muhimbili, hospitali ya taifa, ni mbili. Ya Upanga iko katikati ya jiji, na eneo lake limebeba pia Taasisi ya Mifupa (MOI), Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na chuo kikuu cha MUHAS. Ya Mloganzila ilifunguliwa 2017 na kuwekwa chini ya Muhimbili mwaka uliofuata. Hiyo iko nje kabisa ya mji, upande wa barabara ya Morogoro, ukishaipita Mbezi. Kutoka moja hadi nyingine ni zaidi ya kilomita 20, na kilomita zenyewe ni za barabara ya Morogoro.

Nimemwona kijana aliyelipia chumba Ilala akijisifu kwamba atakwenda kazini kwa miguu. Siku ya kuripoti akaambiwa kituo chake ni Mloganzila. Kwa hiyo piga simu utawala kabla hujapanda basi. Uliza kituo, uliza idara, uliza kama watu wa idara hiyo huzungushwa kati ya sehemu hizo mbili. Uliza pia kama kuna nyumba za watumishi na foleni yake ikoje. Wakikwambia foleni ni ndefu, andikisha jina hata hivyo.

Kama umepangiwa hospitali nyingine ya Dar, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Ocean Road, mengi ya hapa chini yanakuhusu pia. Badilisha tu jina la kituo cha kushukia.

Hatua ya pili: Fikia kwa mtu kwanza

Usilipe kodi ukiwa bado na begi mkononi. Mshahara wa kwanza wa mwajiriwa mpya mara nyingi huchelewa, kwa sababu taarifa zako hazijaingia kwenye mfumo na cheki namba, yaani namba yako ya malipo ya mshahara, haijatoka. Ukimpa mwenye nyumba akiba yote wiki ya kwanza, utaanza kazi kwa kukopa nauli.

Tafuta pa kufikia kwa wiki tatu hivi: kwa shangazi, kwa mliyesoma naye chuo, au mkichanga watu wawili kwenye gesti ya bei nafuu. Ukifikia kwa ndugu usiende mikono mitupu. Mfuko wa sukari na kilo chache za mchele hununua uvumilivu mwingi. Shangazi naye ataanza kukutafutia chumba mtaani kwake ili usiwe mbali na macho yake. Mshukuru, nenda kakitazame, na usitoe hata shilingi mpaka umalize hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu: Pima kwa saa, uachane na kilomita

Mtu wa ofisini husafiri mara mbili kwa siku, pamoja na jiji zima. Sisi wa zamu ni kabila jingine. Kuna siku unatakiwa wodini mapema asubuhi kupokea ripoti, kuna siku unatoka usiku mitaa imeanza kunyamaza, na kuna siku unarudi nyumbani asubuhi wenzako wakienda kazini. Ndiyo maana nyumba ya mtumishi wa zamu hupimwa kwa maswali mawili: Saa kumi na moja alfajiri nitapata usafiri gani? Na nikitoka saa tatu usiku, hatua zile za mwisho mpaka mlangoni nitazipigaje?

Ukipata mtaa unaokuvutia, jaribu safari yenyewe mara tatu. Ya kwanza alfajiri ya siku ya kazi. Jumapili haikufundishi kitu. Ya pili jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja, wakati foleni imekomaa. Ya tatu usiku, ukiwa na mtu. Andika dakika kwenye simu, kuanzia mlangoni mpaka getini. Humo hesabu kusubiri gari, kugombania mlango, na kutembea. Utagundua kuwa mtaa unaoonekana karibu kwenye ramani unaweza kukugharimu saa moja na nusu, na ule wa mbali dakika hamsini, kwa sababu ya mwisho wa gari. Anayeishi pale gari linapoanzia hupata kiti. Anayeishi katikati ya njia hulazimika kugeuza nalo, yaani kupanda gari linalokwenda mwisho, kulipa nauli mbili, kisha kurudi nalo akiwa amekaa. Kama majirani wa mtaa unaoutazama wana tabia ya kugeuza nalo kila asubuhi, umeshajibiwa.

Hatua ya nne: Chagua njia, kisha mtaa

Wageni huanza na jina la mtaa. Wewe anza na barabara, kwa sababu Dar ni kama kiganja: vidole vimetawanyika na vyote vinakutana mjini.

Barabara ya Morogoro ndiyo yenye mwendokasi wa awamu ya kwanza, uliofunguliwa 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa mtu wa Upanga hii ni njia nzuri. Unashuka Fire, unashika barabara ya Umoja wa Mataifa, na baada ya kutembea kidogo umefika. Magomeni, Manzese, Shekilango, Ubungo na Kimara zote ziko kwenye mstari huu, na Sinza iko pembeni yake. Manzese na Magomeni vyumba vya kawaida vipo vingi, vya uswahilini hasa, choo cha pamoja na uani mnapikia wote. Sinza utapata chumba masta (chenye choo chake ndani) au chumba na sebule, kwa bei iliyochangamka zaidi, na muziki uliochangamka zaidi. Kimara bei hupungua kadiri unavyoiacha lami na kuingia ndani, lakini kule ni vilima: boda ya kupanda, boda ya kushuka, na mvua ikinyesha boda hawaji. Usijidanganye pia kwamba mwendokasi ni kiti. Asubuhi Kimara utasimama foleni, na ndani ya basi utasimama tena. Usiku wa manane usiyategemee mabasi.

Upande wa barabara ya Ali Hassan Mwinyi una Kinondoni, Mwananyamala, na mbele zaidi Mwenge, Tegeta na Bunju. Kinondoni na Mwananyamala ninazipenda kwa watu wa Upanga, nitaeleza sababu kwenye hatua ya mvua. Tegeta na Bunju ni kuzuri, kuna hewa na nafasi, ila mimi nilishasema yaliyonikuta.

Ilala, Buguruni na Tabata ziko upande wa barabara za Uhuru na Mandela. Ilala ni karibu hasa. Ukibahatika kupata chumba Sharif Shamba au Bungoni, kwa boda ni muda wa kumaliza nyimbo mbili. Ukonga, Gongo la Mboto na Chanika ziko mbali zaidi, kwa njia ya barabara ya Nyerere, na urefu wake utauona usiku.

Mbagala na Kigamboni, kwa Upanga, si chaguo langu kwa mtu wa zamu. Kigamboni ina kivuko na, tangu 2016, daraja la kulipia. Ukikaa huko kazi yako inategemea maji au mchepuko. Wapo wanaoweza, wengi wao wakiwa wamejenga na hawalipi kodi.

Na Upanga yenyewe? Pazuri, miti, maghorofa ya zamani ya Msajili wa Majumba (sasa Shirika la Nyumba la Taifa), unaamka saa kumi na mbili na unawahi. Bei yake humtosha daktari bingwa. Lakini chunguza: wapo watumishi watatu wanaochanga fleti moja ya vyumba viwili, na kwa kuwa zamu zao hupishana, ni nadra wote kuwa nyumbani usiku mmoja. Ukipata wenzako wenye tabia njema, hesabu yake inaweza kuwa nafuu kuliko ya chumba cha peke yako Kimara.

Wa Mloganzila geuza kiganja. Kwako mjini ndiko mbali. Tazama Kibamba, Kwembe, Luguruni, Mbezi Luis ilipo stendi kuu ya mabasi ya mikoani, au vuka mpaka uingie mkoa wa Pwani, Kiluvya hadi Maili Moja ya Kibaha. Raha ya upande huo ni kwamba anayetoka Mbezi asubuhi anakwenda Mloganzila wakati foleni yote inaelekea mjini. Shida yake ni kipande cha kutoka barabara kuu hadi hospitalini. Usiku kinahitaji boda unayemjua kwa jina.

Hatua ya tano: Uliza mwezi wa nne maji hufika wapi

Chumba cha Januari kinadanganya. Dar ina mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli mwishoni mwa mwaka. Mto Msimbazi unapita katikati ya jiji, unatenganisha Magomeni na upande wa Muhimbili, na ukijaa hausikii mtu. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40, na waathirika wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa. Hata hivyo vyumba vya mabondeni bado hupangishwa, na bei yake hushawishi kwa kuwa ni karibu na mjini.

Kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni nyumba yenyewe. Ukienda Kigogo, Mkwajuni, Hananasif au pembeni mwa Jangwani, tazama ukuta kwa nje: mstari wa udongo kiunoni ni kumbukumbu ya maji. Tazama kama kizingiti kimeinuliwa na kama vitanda vya jirani vimepandishwa juu ya matofali. Dalali atakwambia maji hayafiki. Muulize muuza genge wa pembeni, ambaye halipwi na mtu, mwaka huu alihamisha meza mara ngapi.

La pili wengi hulisahau, nalo ni njia. Jangwani ikijaa, barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni na mwendokasi husimama. Nyumba yako inaweza kuwa kavu Magomeni juu, hospitali unaiona ng'ambo, na huvuki. Hapo ndipo ninapoipendea Kinondoni: mtu wa huko anashika Ali Hassan Mwinyi, anavuka Salander, anaingia Umoja wa Mataifa, kazini. Foleni siku hiyo itakuwa ya kutisha, lakini barabara ipo. Popote utakapokaa, uwe na njia mbili zisizopita daraja moja. Wodi haifungwi kwa sababu ya mvua, na mwenzako wa usiku hawezi kuondoka mpaka wewe ufike.

Ukiwa kwenye ukuta huo huo, angalia kama kuna alama ya X nyekundu. Maana yake nyumba iko kwenye hifadhi ya barabara au bondeni na imetakiwa kuondoka. Waliobomolewa Kimara 2017 walikuwa na wapangaji pia. Ukiona pamepakwa rangi mpya sehemu moja tu ya ukuta, jiulize kimefichwa nini.

Hatua ya sita: Hesabu ya kweli

Dar kodi hulipwa kwa mkupuo, miezi sita kwa kawaida, wengine hudai mwaka. Miezi mitatu ipo ukijua kuongea. Juu yake kuna dalali, anayechukua kodi ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 720,000, dalali 120,000, jumla 840,000 kabla hujanunua godoro.

Sasa weka nauli na boda pembeni ya kodi, usizitenganishe. Mfano: chumba cha mbali ni 80,000, cha karibu 130,000. Tofauti ni 50,000. Lakini cha mbali kinakulazimu boda ya 3,000 kila zamu inayoanza au kuisha gizani. Ukiwa na zamu 16 za namna hiyo kwa mwezi, ni 48,000. Umeokoa shilingi elfu mbili, na umelipia kwa saa mbili za usingizi kila siku.

Hatua ya saba: Kagua chumba kama mtu atakayelala mchana

Hapa ndipo mtumishi wa zamu anapotofautiana na mpangaji mwingine yeyote, na ndipo wengi wanapokosea. Wanakwenda kutazama chumba jioni, upepo unapiga, kimya, wanapenda. Nenda saa saba mchana. Funga mlango, keti kitandani au sakafuni, kaa dakika ishirini.

Joto kwanza. Bati lisilo na dari, mwezi wa kwanza, ni tanuri. Tafuta chumba chenye dari na madirisha mawili yanayotazamana, au cha chini kwenye nyumba ya ghorofa. Dirisha linalotazama magharibi litakuchoma kuanzia saa nane mpaka jua lizame, saa zile zile unazotaka kulala kabla ya zamu.

Kisha sikiliza. Gereji, mashine ya kusaga, fundi wa milango ya chuma, shule ya msingi, baa. Spika za nyumba za ibada nazo zipo kila kona, za adhana na za mkesha, na huwezi kugombana nazo. Chagua tu kuwa mbali nazo kidogo. Uliza kama mtaa una vigodoro. Ngoma ya usiku ukiwa kazini haikusumbui, lakini siku ya mapumziko utaijua.

Mbu wa mchana wapo. Yule wa dengi huuma jua likiwa juu, na mwaka 2019 Dar iliugua dengi kweli kweli. Pazia la wavu dirishani ni la lazima, na chandarua kishushwe hata saa nne asubuhi. Wauguzi tunawaambia wagonjwa haya halafu tunalala wazi.

Maji: uliza ya DAWASA hutoka siku zipi na saa ngapi, kama kuna simtanki, na kama kisima ni cha chumvi. Maji ya chumvi hayatoi povu, na sare nyeupe ukiifulia humo itakusikitisha. Kama maji hutoka saa nane usiku tu na wewe uko wodini, nani atakukingia?

Umeme: ombi langu ni mita yako mwenyewe. LUKU ya kuchangia imevunja urafiki mwingi. Mwenye friji anasema haitumii umeme, mwenye pasi anasema anapiga mara moja kwa wiki, wewe usiyelala hapo nusu ya mwezi unachangia sawa. Kumbuka pia kuwa tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, basi mkubaliane mapema itarudishwaje kwenye kodi yako.

Mwisho, tembea kutoka kituoni mpaka mlangoni ukihesabu taa. Uchochoro usio na taa wa mita mia moja, kwa dada anayerudi saa nne usiku, unatosha kukiacha chumba kizuri.

Hatua ya nane: Dalali, mwenye nyumba, na serikali ya mtaa

Dalali hutaka hela ya kuonyesha nyumba kabla hujaona hata tofali. Patana naye iwe ndogo, na iwe kwa siku nzima badala ya kwa kila chumba. Ile ya mwezi mpe siku unapokabidhiwa ufunguo. Usitume pesa kwa simu kwa ajili ya "kushikilia chumba" ambacho hujakanyaga. Picha nzuri na bei ya chini kwa Upanga au Sinza, mara nyingi ni chambo.

Hakikisha unayemlipa ndiye mwenye nyumba. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utahitaji kujitambulisha hata hivyo, na uulize kwa adabu nyumba hii ni ya nani. Wanajua, wanajua hata ugomvi wa mirathi. Mkataba uwe wa maandishi, majina kamili, tarehe, kiasi, shahidi, na mstari mmoja wa ziada ambao sisi watumishi tunauhitaji: ukihamishwa kituo kabla ya muda, kodi iliyobaki itarudishwa au utaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine. Mwambie mwenye nyumba pia kuhusu geti. Nyumba nyingi za fensi hufungwa saa nne usiku na ufunguo hukaa kwa mwenye nyumba. Dai ufunguo wako, mbele ya shahidi yule yule.

Wenye watoto, anzeni na shule na mtu wa kubaki na mtoto usiku, kisha mrudi hatua ya nne. Kama bibi au dada yako anaishi Tabata, basi unaishi Tabata.

Ukishahamia

Tafuta boda wawili, mmoja akiwa hayupo upate wa pili. Wachukue namba, wape ratiba yako ya wiki.

Halafu pita kwa majirani uwaambie unafanya kazi hospitali, na kwamba wiki nyingine unaingia usiku. Mimi sikuwaambia. Nilipohama Tegeta nikapata chumba Mwananyamala, na kwa miezi miwili mama wa chumba cha pili hakuitikia salamu yangu. Msichana anatoka saa moja jioni amejipaka mafuta, anarudi asubuhi amechoka, analala mchana kutwa: alishajua mwenyewe ninafanya kazi gani. Siku moja begi lilichanika sare ikaanguka uani mbele yake. Akaiokota, akaikung'uta vumbi, hakusema neno. Kesho yake saa nne asubuhi, nimetoka zamu, ndio kwanza usingizi unanikolea, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, na mtoto mgongoni anakohoa.